Harufu ya Omena Kwenye Mashudu

Siku ya kuniaga kazini mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Kwa blanketi nashukuru, maana baridi ya huku mnaijua. Saa sijui niipeleke wapi, kwa sababu sasa sina tena mahali pa kuwahi. Nilipokuwa natoka, yule mwenzenu wa maabara alinifuata hadi getini akaniuliza kwa nini tunatia omena, wale dagaa wa ziwani, kidogo kwenye mashudu ya alizeti tunayowauzia wafugaji wanaochanganya chakula cha kuku nyumbani. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Alisema soya tunayoongeza siku hizi inatosha, omena ile haimwongezei kuku chochote cha maana, na inanukisha stoo yote. Mnataka kuiondoa.

Hesabu yake ni sahihi. Omena ile haikuwekwa kwa ajili ya kuku. Nilitaka kumweleza pale pale getini, lakini mvua ilikuwa imeanza na blanketi langu jipya lilikuwa linalowa. Nikamwambia nitaandika.

Sitaandika habari za vyeo. Walionipandisha na walionisahau wote wako kwenye faili, na mwenye hamu atawakuta huko. Nitaandika habari za mashudu na za mtu aliyenifundisha kuyajua.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kinu chetu cha chakula cha mifugo kilikuwa banda moja la mabati nyuma ya maduka ya Sotik, na mashine ya kusaga ilikuwa ya dizeli, ikiwaka ilitetemesha hata vikombe vya hoteli ya jirani. Niliajiriwa kukaa stoo na kuwatembelea wateja. Meneja alinichukua kwa sababu wateja wengi wa chakula cha kuku walikuwa akina mama wa Kipsigis, nami ni wa kwao, na alikuwa amechoka kusikia malalamiko ambayo hayaelewi. Siku ya kwanza alinionyesha ufagio, akanionyesha mtu mrefu aliyevaa aproni ya gunia, akasema, "Huyu ndiye mchanganyaji. Chenye atakuambia, fanya."

Mtu huyo alikuwa Mzee Onyango. Kwao ni kule ziwani, lakini alikuja kijana kufanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha chai, na alipotoka huko akaingia kwetu. Watoto wake walizaliwa huku na Kikipsigis walikiongea vizuri kuliko baadhi ya wajukuu zangu. Aliniangalia, akachota unga wa rangi ya majivu kwenye gunia, akaniwekea kiganjani.

"Kula."

Nilidhani ananitania.

"Kuku itakula hiyo kitu siku mzima," akasema. "Wewe unaogopa kijiko moja? Kula, nyara."

Nyara kwa lugha yao ni binti yangu, na hakuwahi kuniita jina lingine. Nilikula. Ladha ilikuwa kama njugu zilizosahaulika mfukoni. Akanipa kiganja cha pili kutoka gunia lingine, na hicho kilikuwa kichungu nikatema. Akafurahi sana. Gunia la pili lilikuwa limelowa njiani na kuota ukungu ndani, ingawa kwa nje lilionekana zuri kuliko la kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa maabara yetu, na wengi wa wateja wetu waliokoka.

Nyinyi mnapokea mashudu yakiwa laini. Zamani yalikuja kwa lori yakiwa vibamba vigumu, vile yalivyotoka kwenye mashine ya kukamua mafuta, na tulivivunja kwa nyundo. Mzee alinifundisha kuvunja kibamba katikati na kutazama moyo wake, kwa sababu ukungu huanzia huko. Alinifundisha kutia kiganja kimoja ndani ya maji: mchanga unazama, maganda yanaelea, na ukiona maganda mengi kuliko unga ujue unanunua kuni. Mashudu ya pamba aliyajua kwa nywele zake nyeupe, na hayo hakutaka yafike karibu na kuku wa mayai, maana kiini cha yai hugeuka kijani kikikaa, na hakuna mama atakayekubali kuelezwa. Hayo yalikuwa ya ng'ombe. Kumbukeni hilo neno, kwamba huku kwetu mashudu yalijulikana miaka yote kuwa ni chakula cha ng'ombe.

Kuku walikuwa wakipewa omena. Ilikuja kwa magunia kutoka ziwani, tukaisaga na kuichanganya na mahindi na pumba. Lakini miaka ile watu walianza kuila wenyewe kuliko zamani, ikawa ghali, na wauzaji wakaanza kuiongezea uzito kwa mchanga. Kuku walikula pwani nzima. Meneja alitaka tuendelee tu, kwa sababu wateja walikuwa wamezoea harufu. Aliyekataa alikuwa Mzee Onyango.

"Mimi nimekula omena tangu nizaliwe," alimwambia meneja mbele yangu. "Hii si omena, hii ni barabara. Tupatie kuku alizeti na soya kidogo ya kukaangwa. Protini ni protini. Kuku haiulizi imetoka wapi."

Meneja akakubali, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Kwa miezi mingi mambo yalienda vizuri. Wafugaji wenye mahindi yao tuliwauzia mashudu ya alizeti peke yake na pakiti ya madini, na mimi nikawafundisha kuchanganya sakafuni: anza na kidogo, changanya madini na unga kiganja kwa kiganja, kisha ndiyo umwage kwenye rundo kubwa na uligeuze kwa sepetu mpaka rangi iwe moja. Mayai yalitoka makubwa. Kikundi cha akina mama wa kanisa moja karibu na Silibwet kilikuwa mteja wetu mkubwa, na mwenyekiti wao, Mama Chelangat, alikuwa na kuku wazuri kupita wote. Alikuwa mama mnene, mwenye kucheka, aliyeingia stoo akisalimia kwa kelele "Chamgei!" mpaka mashine ikasikika ndogo. Shamba la chai lilikuwa la mumewe, ng'ombe walikuwa wa mumewe. Kuku walikuwa wake, na aliniambia hivyo kila nilipoenda, kana kwamba mtu alikuwa amebisha.

Kisha akaja stoo bila salamu. Alibeba kuku kwapani, akamweka juu ya mizani yetu mbele ya wateja wote. Kuku hakuwa na manyoya mgongoni, ngozi ilikuwa wazi na yenye damu.

"Angalieni vile chakula yenu inafanya," akasema. "Zinakulana. Zinang'oana manyoya zinameza. Mayai imepotea. Kikundi nzima inaniuliza mimi, kwa sababu ni mimi niliwaleta hapa."

Mnajua dalili hiyo. Kuku aliyekosa protini huitafuta kwa mwenzake. Nilipotazama nyuma nilimwona Mzee Onyango amesimama na sepetu, na uso wake ulikuwa umekwisha.

Miaka ile haikuwa miaka ya kawaida, na wadogo kati yenu hawawezi kuijua. Kulikuwa na siasa za vyama, watu walikuwa wameonekana wakihama na magodoro kutoka upande wa Kipkelion, na mtu aliulizwa kwao ni wapi kabla ya kuulizwa hali. Kwa hiyo neno la Mama Chelangat halikubaki kwenye mizani. Kufikia Jumapili lilikuwa limeshazunguka makanisa: Mjaluo wa kinuni ameondoa omena awauzie watu wake, akawawekea kuku wetu maganda. Aliyepigana omena ibaki ziwani ndiye aliyesemwa ameiiba. Nilikasirika mpaka nikaacha kwaya, na hapo ilikuwa hasara yao kwa sababu sauti ya tatu nilikuwa peke yangu.

Meneja aliniambia waziwazi. Kama kikundi cha Silibwet kikiondoka, vingine navyo vitafuata, na itabidi Mzee aende. Nikamwomba aniruhusu niende na Mzee kuona boma lenyewe. Alisema, "Nendeni mchana, na msikae."

Tulikuta Mama Chelangat yuko kituo cha majani, kupima chai. Aliyetupokea ni mumewe, arap Rono, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyevaa koti la mvua na kofia ya sufu. Alitukaribisha vizuri, akatuletea mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, na Mzee Onyango akanywa kikombe chote akamshukuru kwa Kikipsigis. Sikuona chuki yoyote. Nilikwenda kwenye banda la kuku, nikachota chakula kilichokuwa kwenye kihori, nikakitia majini kama nilivyofundishwa. Kilikuwa mahindi na pumba, basi. Hakukuwa na hata ganda moja jeusi la alizeti.

Nilitoka na bakuli langu nikamkuta Mzee amesimama mbele ya zizi, anamtazama ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa, mwenye kiwele kizito. Alininyooshea kidevu tu. Kwenye mdomo wa ng'ombe, pale manyoya yanapoloa, kulikuwa na vipande vyeusi vya maganda ya alizeti.

"Huyu ameongeza maziwa," Mzee akamwambia arap Rono.

"Sana," akasema arap Rono, na uso ukamng'aa. "Tangu tupate hiyo mashudu. Jioni anajaza ndoo. Mungu ametukumbuka."

"Na kuku?"

"Kuku anatafuta mwenyewe. Mashudu ni ya ng'ombe, tangu zamani. Hiyo mama analeta nyumbani, na nyumba ni hii."

Hakuficha. Hakujua kuna cha kuficha. Ng'ombe ndiye aliyesomesha watoto, ndiye aliyeoa, ndiye aliyetajwa kwenye maombi. Kuku walikuwa shughuli ya wanawake ya kununulia chumvi. Nilijaribu kumweleza habari za protini na manyoya, akanisikiliza kwa adabu kama mtu anavyomsikiliza mgeni akisifu nchi yake. Tulipotoka kwenye lango tulikutana na Mama Chelangat anarudi na kikapu kitupu. Alituona tunatoka upande wa zizi. Aliinamisha macho, akapita.

Nilirudi Sotik nimefurahi. Nilidhani tumepona. Nilimweleza meneja kila kitu, pamoja na mdomo wa ng'ombe, na nikamwambia nimeuliza maboma mengine mawili ya kikundi na hali ni ile ile. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Sasa unataka niseme nini?" akaniuliza. "Nisimame kanisani niwaambie wazee wanaibia bibi zao chakula ya kuku? Cheptoo, hao wazee ndio wanasaini kwa ushirika. Hao ndio tunauzia mashudu ya pamba. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua."

"Lakini si Mzee Onyango!"

"Najua si yeye," akasema meneja. "Lakini yeye anaweza kwenda, na wao hawawezi."

Niliongea tena, nikaongea vibaya, nikaambiwa niende nikapoe. Sijawahi kusikia sentensi iliyonyooka kuliko ile ya meneja, na bado naichukia.

Mzee aliambiwa amalize mwezi. Hakupiga kelele. Mke wake alikuwa ameshaanza kufunga vitu, kwa sababu jirani mmoja mwema alimwambia ni heri waende kabla ya kuambiwa na jirani asiye mwema. Mimi ndiye niliyelia stoo, nyuma ya magunia ya chokaa, na yeye akaja akasimama pale.

"Nyara, kuku zinaumia bado," akasema. "Twende kazi."

Nilimuuliza kazi gani. Tukisaga mashudu zaidi, ng'ombe atakula zaidi. Tukiwaambia akina mama wafiche gunia, wataficha wapi ndani ya boma la mwanaume?

Akanituma sokoni ninunue omena, ile nzuri ya kuliwa na watu, kwa pesa zake. Aliikausha tena juani, akaisaga laini kama poda, akaichanganya na mashudu ya alizeti kidogo kidogo mpaka ikapotea machoni. Kisha akachota kiganja, akaninusisha. Harufu ilikuwa ile ile ya zamani, ya stoo kabla ya alizeti.

"Wewe ni Mkipsigis," akasema. "Utapatia ng'ombe ya baba yako hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba yangu angeona heri ng'ombe afe kwa njaa. Ng'ombe wenyewe wakinusa samaki wanarudisha kichwa, lakini hata wasiporudisha, hakuna mwanaume wa kwetu atakayekubali maziwa ya mursik yaingiliwe na kitu cha ziwani. Nilicheka huku makamasi yakinitoka. Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Usiwaambie kwa nini," akasema. "Wakijua, watatafuta mahali inauzwa bila harufu. Sema ni formula mpya. Watu wanaheshimu formula."

Kwa hiyo jambo la mwisho alilofanya Mzee Onyango pale kinuni ni kuirudisha omena, yeye aliyeitoa, na mtu aliyesemwa ameiiba ndiye aliyeinunua kwa mfuko wake. Alimwonyesha mchanganyaji mpya kipimo, akampa na sepetu yake, na meneja, aliyetaka omena ibaki tangu mwanzo, akakubali kuendelea kuinunua. Asubuhi ya kuondoka kwake mvua ilinyesha kama kawaida. Lori lilibeba kitanda, mabati, na kuku wake wachache kwenye kikapu, wenye manyoya yote. Watoto wake walituaga kwa Kikipsigis. Sikumwona tena.

Kuku walipona, kama mnavyojua wanavyopona wakipata haki yao. Manyoya yaliota, mayai yakarudi. Maziwa ya Silibwet yalipungua kidogo na arap Rono akasema ni kiangazi. Kisha nikaanza kusikia ile sentensi. Niliisikia kwenye mizani, niliisikia hotelini, niliisikia kanisani mtu akitoa ushuhuda kabisa, mkono juu: tangu yule mzee wa ziwani aondoke, chakula cha kinuni kimekuwa kizuri. Mchanganyaji mpya alipewa jogoo wa shukrani. Meneja alifurahi na kuniangalia kana kwamba ameshinda mabishano. Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa na mtu niliyempenda, nilijibu kila mmoja kwamba ni formula mpya. Hiyo ndiyo kazi ngumu niliyofanya kwenu kwa miaka yote. Magunia nilibeba kwa mgongo, na hilo nililibeba kwa mdomo.

Mama Chelangat hakuja dukani muda mrefu, alituma watu. Siku moja akaja mwenyewe. Alisubiri wateja waishe. Akafungua gunia la mashudu, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akanusa kiganja chake kwa muda mrefu.

"Ni yeye aliweka," akasema. Hakuniuliza.

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia chini ya mizani.

"Mzee wa nyumba alirudisha gunia kwa banda ya kuku yeye mwenyewe," akasema. "Alisema imeoza. Aliosha mikono na sabuni." Alicheka, kile kicheko chake cha zamani, kisha kikakatika. "Mimi nilijua, Cheptoo. Siku ile niliweka kuku kwa mizani nilijua ng'ombe ndiyo inakula. Ningesema nini mbele ya watu? Ningesema jina ya nani? Nikasema ya mtu mwenye hakuwa na mtu hapa."

Alikuwa na kikapu cha mayai, yamefunikwa kwa majani. Akaniomba nimpelekee Mzee Onyango. Nikamwambia sijui kwao ni kijiji gani, hakuna aliyemwuliza. Tulisimama pale tukiyatazama. Mwishowe aliyaacha juu ya mizani, akaenda, na mimi sikuweza kuyala wala kuyauza. Niliyagawa kwa wapagazi.

Miaka mingi baadaye mwuza omena mmoja aliniletea habari kwamba Mzee amefariki, na kwamba hadi mwisho alikuwa akifuga kuku na kuwalisha mashudu ya alizeti, majirani zake wakimshangaa mtu wa ziwani asiyewapa kuku wake samaki. Arap Rono naye alizikwa kwa heshima, na Mama Chelangat akamfuata. Waliokuwa wanahusika na siri wameisha, ndiyo maana naweza kuiandika.

Kwa hiyo mwambieni mwenzetu wa maabara kwamba yuko sawa. Mkiiondoa omena, kuku hawatapungukiwa, na stoo itanukia vizuri. Lakini kabla hamjaiondoa, nendeni mkaulize kwenye maboma, ng'ombe bado ni wa nani, na kuku bado ni wa nani. Na kama mtakuta mambo hayajabadilika, basi vumilieni harufu. Ndicho kitu pekee cha Mzee Onyango kilichobaki huku, na yeye hatukumwacha abaki.